Trekta la Kijivu na Majani ya Mama Mkwe

Sogea karibu unisikilize, wewe unayetaka kununua trekta lililokwisha kutumika. Najua una haraka. Kila anayetaka trekta ana haraka, kwa sababu majani hayamsubiri mtu. Lakini kaa kidogo. Nitakueleza namna ya kulichagua, kama nilivyofundishwa na baba yangu, na nitakueleza pia siku niliyolichagua vizuri kabisa, nikalifikisha nyumbani, nikabaki mdomo wazi ukingoni mwa shamba kama mtu aliyezabwa kibao asijue kimetoka upande gani.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimetoka Mbeya nikaolewa Ufipa, na tulikaa kijiji kimoja ng'ambo ya Malangali, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona nyasi tu mpaka mbingu inapoanzia. Mgeni akifika kule mara ya kwanza huuliza miti iko wapi. Mimi pia niliuliza. Mume wangu alicheka. "Miti waliimaliza babu zetu kwa kuyeyusha chuma," alisema. "Sisi tumebaki na majani. Lakini usiyadharau." Sikuyadharau. Sikuyafikiria tu.

Mama mkwe wangu alikuwa na shamba pembeni mwa kijiji. Halikuwa kubwa, ukipiga kelele upande huu, mtu wa upande ule anakusikia na kukujibu. Ndani ya shamba hilo, kuelekea mashariki, ndipo alipozikwa mume wake. Mama aliugua kifua msimu mmoja, akaugua tena uliofuata, na shamba likawa majani matupu, marefu kuliko mimi.

Basi mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Familia zilikuwa zinaendelea kuhamia kutoka vitongoji vya mbali, na zote zilihitaji mahali pa kulima. Akatangaza kwamba kamati ya ardhi itapita mvua zikiisha, na eneo lolote litakalokutwa pori litagawiwa. Hakuwa mtu mbaya. Alipomgeukia mama mkwe aliongea akitazama viatu vyake.

"Na lako pia, mama. Sheria haina shangazi."

Tulipofika nyumbani kutoka mkutanoni, mama alikaa kwenye kigoda, akavuta kanga mabegani.

"Watampa mtu mwingine," alisema. "Atalima mpaka juu ya kifua cha baba yenu."

Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu, na usilisahau ninapokueleza habari za injini na giaboksi. Kila bolti niliyoigusa, niliigusa kwa ajili ya maneno hayo.

Utaniuliza, kwa nini msiwaite majirani? Swali zuri. Kule kazi kubwa ya shamba ilifanywa na watu wengi kwa siku moja, na waliitwa kwa pombe ya ulezi. Mwenye shamba anapika, watu wanakuja na majembe, wanalima, wanakunywa, wanaimba, wanarudi kwao. Mama hakuwa na nguvu za kupika. Nilipomwambia nitampikia mimi, aliniangalia kwa huruma kama mtoto aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. "Pombe ya shamba hupikwa na mwenye shamba," alisema. "Nikiwaita watu kwa pombe ya mkono wa mgeni, wataniona nimeshakufa."

Mume wangu mwaka ule alikuwa masomoni, mbali. Tuliobaki ni mimi na shemeji yangu, mdogo wake, mfanyabiashara wa samaki. Alikuwa anachukua samaki wakavu Kabwe, ziwani, na kuwauza Majengo, mjini Sumbawanga, na alikuja nyumbani ananukia hivyo hivyo. Tulijaribu kwa mafyekeo. Tulipomaliza kona moja tukageuka, tulikuta tulikoanzia kumeanza kuota.

Ndipo shemeji akaleta habari kutoka Majengo. Dereva mmoja wa lori alimwambia kuna shamba linafungwa, upande wa barabara ya kwenda Mbeya, na matrekta yake ya zamani yanauzwa.

"Wanauza kwa vikundi tu," alisema.

"Basi tuwe kikundi," nilimjibu.

Tukawa kikundi. Walimu wenzangu waliingia, maana uwanja wa shule ulikuwa unawamaliza watoto kwa kufyeka, na wazazi wachache wakaingia pia. Mwenyekiti alitubariki. "Kikundi, ruksa," alisema. "Mtu mmoja, hapana. Tusianze kufuga mabepari hapa."

Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga mama mkwe. Alikuwa amelala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hilo trekta litafanya nini na majani?"

"Litayakata, mama."

"Halafu?"

"Yatalala chini, yakauke."

"Halafu?"

"Halafu basi, mama. Shamba litakuwa jeupe."

"Basi," alirudia taratibu, na akageuza uso ukutani. Nilidhani amechoka.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye faida yako. Baba yangu aliendesha trekta kwenye shamba la kahawa kule kwetu, na mimi nilikulia juu ya bati la gurudumu lake, nimeshika kiti. Alikuwa akisema trekta la zamani ni kama mchumba aliyewahi kuolewa: usimuulize yeye, uliza mwili wake. Kwa hiyo nilipoingia katika yadi ya lile shamba lililokuwa linafungwa sikuwa na hofu. Nilikuwa na kitambaa cha kufutia, kipande cha waya, na vidole vyangu.

Mtunza yadi alikuja akiwa na funguo nyingi kiunoni. Alimpa shemeji mkono kwanza.

"Karibu ndugu. Mnunuzi ni wewe?"

"Muulize bosi," shemeji alisema, akanionyesha kwa kidevu. "Mimi nimebeba mkoba tu."

"Huyu mama?"

"Huyu mwalimu."

"Mwalimu wa ufundi?"

"Wa darasa la tatu," nilimjibu.

Aliangua kicheko. "Basi tuanze na jekundu, mwalimu. Hilo hata darasa la kwanza watalipenda."

Lilikuwa zuri kweli. Limepakwa rangi mpya, linang'aa kama debe la mafuta ya kula. Sikiliza: rangi mpya juu ya chuma cha zamani si dhambi, ila jiulize inafunika nini. Aliliwasha, akaingiza gia moja, ya pili, ya tatu. Kimya. Hakuna mngurumo, hakuna kusaga. Shemeji akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mimi ndipo nilipoanza kushtuka. Giaboksi ya umri ule lazima inung'unike kidogo. Ikikaa kimya kabisa kama mtoto aliyeiba sukari, ifungue. Nilimwomba azime, nikalegeza kizibo cha pembeni, nikaingiza kidole. Nilichokitoa hakikuwa oili. Kilikuwa uji mzito, na ndani yake vijipande vidogo vinavyochoma. Nilivisugua kwenye kitambaa. Vilikuwa vumbi la mbao. Mtu alikuwa amejaza maranda ndani ya giaboksi ili meno yaliyoisha yasisikike yakilia.

Sikuwahi kufikiri mtu anaweza kukaa chini, akatulia, akakilisha chuma maranda ili kimdanganye mwenzake.

"Hii nini?" nilimwuliza.

"Oili, mwalimu."

"Oili ya mninga?"

Shemeji alichungulia, akapiga yowe. "Jamani! Hili trekta au karakana ya seremala?"

"Ndugu zangu," mtunza yadi alisema, mikono juu, "mimi nililikuta hivyo hivyo."

Tukaenda kwa la bluu. Kabla hajaligusa nilimwuliza, "Hili liliwashwa lini mara ya mwisho?"

"Wiki iliyopita."

Niliweka kiganja ubavuni mwa injini, nikakiondoa haraka. Palikuwa pa moto kama kikaango. Shika hili na wewe: injini iliyochoka huweza kuwaka vizuri ikishapashwa moto, lakini asubuhi ya baridi, na Sumbawanga ina baridi, haitakusikia hata ukiipigia magoti. Kwa hiyo muuzaji mjanja huiwasha kabla hujafika. Usigombane naye. Wewe kaa chini usubiri ipoe. Sisi tulikaa, tukala karanga, tukazungumza habari za mahindi. Ilipopoa, la bluu lilikohoa, likatoa moshi mweupe kama wa kuni mbichi, likanyamaza. Mtunza yadi alilisukuma kwa mguu kama mtu anayemwamsha mlevi.

"Sasa tumebaki na nini?" shemeji aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na najua alikuwa anamwona mama yake amegeukia ukutani.

"Kuna lile," mtunza yadi alisema, bila kutaka kuonyesha.

Lilikuwa nyuma ya banda. La kijivu, fupi, pana, kiti chake kimefunikwa gunia, na juu ya gunia kuku ametaga, anatutazama.

"Lile hata kuku wanaliheshimu kuliko mimi," alisema. "Hakuna anayelitaka. Halina sura."

Niligusa injini. Baridi kama jiwe la mtoni. Nikashukuru moyoni. Tulimtoa kuku kwa adabu zote. Mtunza yadi alizungusha ufunguo mara moja, mara ya pili, na lile dude likanguruma mpaka shemeji akaruka nyuma. Moshi ulitoka mweusi, ukawa wa kijivu, kisha ukapotea. Hivyo ndivyo unavyotaka. Moshi mweusi wa mwanzo usikutishe; moshi unaokataa kuondoka ndio wa kuogopa.

Nikaanza kazi. Nilishika kila gurudumu la mbele kwa mikono miwili, nikalitikisa: kama lingecheza kama jino la mtoto, ningejua beringi zimekwisha. Halikucheza. Nililipandisha kilima kidogo cha yadi, nikakanyaga breki, nikahesabu pumzi zangu. Lilisimama. Nikaomba mashine ya kukatia majani, ile inayofungwa nyuma na kuzungushwa na ekseli inayotoka kwenye trekta. Ilikuwa chini ya maturubai, ina kutu lakini visu vyake vizima. Tuliifunga, tukaiinua kwa mikono ya nyuma ya trekta, nikamwambia shemeji apande juu yake.

"Mimi?"

"Wewe ndiye mzigo. Panda."

Alipanda, akasimama pale kama mgeni rasmi. Nikatazama. Mikono iliyochoka hushuka polepole yenyewe ukiitwisha mzigo. Hii haikushuka. Shemeji alianza kuhutubia yadi, "Ndugu wananchi," mpaka nikamwambia inatosha.

Kisha nikalitazama tumbo. Lilikuwa chini, karibu kabisa na ardhi, na magurudumu yamekaa wazi. Baba alipenda trekta la namna hiyo kwa kazi ya kufyeka na kusafisha eneo dogo. Fupi halipinduki kirahisi. Linageuka mahali padogo. Halikandamizi ardhi kama majitu yale ya kulimia maekari. Kwa shamba tambarare lenye majani marefu, hakuna bora zaidi. Nilisema maneno hayo kwa sauti, nimejaa furaha, na mtunza yadi akanipa mkono safari hii mimi kwanza.

"Mwalimu," alisema, "nalionea wivu darasa lako la tatu."

Malipo na karatasi za kikundi vilituweka kule karibu wiki mbili, kisha tukarudi nalo wenyewe. Shemeji aliendesha, mimi nikakaa juu ya bati la gurudumu kama zamani. Lilikwenda taratibu mno. Waendesha baiskeli walitupita wakitupungia. Upepo wa Ufipa ulikuwa unapiga nyasi pande zote mbili za barabara, zinalala, zinaamka. Nilikuwa na hesabu moja tu kichwani: kamati bado haijapita, trekta liko chini yetu, na kwa siku moja ya kufyeka shamba litakuwa jeupe. Baba mkwe atalala kwa amani.

Tulipoingia kijijini watoto walitukimbilia, vigelegele vikapigwa. Tukapita moja kwa moja kwenda shambani, maana shemeji alitaka mama aone visu vikizunguka. Tulipokata kona ya mwisho, alikanyaga breki ghafla hata nikashikilia shingo yake.

Hapakuwa na majani.

Nilifikiri tumekosea njia. Nilitafuta alama: nyumba ya jirani, kijito, jiwe la mpaka. Vyote vilikuwepo. Majani tu ndiyo hayakuwepo. Mahali pake palikuwa na matuta ya mviringo, meusi, yenye unyevu, yamepangwa kwa mistari kutoka mpaka hadi mpaka, kila moja limefika juu ya goti, kama vyungu vilivyofunikwa vimeanikwa shamba zima. Kama hujafika Ufipa, nikueleze: watu wa kule hugeuza majani na udongo wake wakati mvua bado zipo, wakayafukia ndani ya tuta. Wenyewe huyaita intumba. Juu wanapanda maharage. Majani yanaoza ndani polepole mpaka msimu unaofuata, kisha tuta linasambazwa na ulezi unapandwa juu ya ule utajiri. Nilikuwa nimeishi nao miaka kadhaa, nimeyaona matuta yale kila mwaka, nimeyapita nikienda shule. Wala sikuwahi kujiuliza yanatoka wapi.

Shemeji alizima injini.

Na pembeni mwa shamba, amesimama kwa miguu yake, bila fimbo, alikuwa mama mkwe. Mikono imejaa udongo. Anatabasamu.

"Karibuni," alisema. "Tumewasaidia kidogo."

"Mama," shemeji alisema, "mmefanya nini?"

"Tumefanya nini? Tumetengeneza shamba. Mashine inatoka mbali, inakuja kwangu kwa mara ya kwanza. Wewe ungemkaribisha mgeni nyumba haijafagiliwa?"

"Lakini mama, mgeni mwenyewe ndiye fagio!"

Jirani mmoja, mama mnene mwenye sauti, alikuwa ameketi kwenye mpaka na kata yake ya pombe. Alicheka mpaka akaimwaga. "Muulizeni mwalimu," alisema. "Si ndiye aliyesema majani yatakatwa yaachwe juu yakauke bure? Mama mkwe wako alinyanyuka kitandani siku ile ile. Tulidhani kuna msiba. Kumbe anatafuta ulezi wa kimea cha pombe!"

Nilimtazama mama mkwe. Hakuinamisha macho.

"Ningelala vipi?" aliniuliza kwa upole. "Majani ya misimu miwili, mwanangu. Hiyo ni mbolea ambayo sijawahi kuwa nayo tangu niolewe. Wewe unaniambia, yatakauka, halafu basi. Nilisema moyoni, huyu mtoto hana ubaya, ila trekta litanilia ulezi wangu. Nikaamka nikapika. Watu wakaja."

Hivyo basi. Ugonjwa ulimlaza misimu miwili, wala dawa ya dispensari haikumwinua. Kilichomnyanyua ni hofu ya kuona majani yake yanaharibiwa. Sikujua nicheke au nilie. Nilikaa chini pale pale kwenye matope, na mtu akanipa kata ya pombe, nikainywa yote, mimi ambaye sikuwa mnywaji.

"Lakini hatujawasahau," mama alisema. "Tumewaachia sehemu yenu." Akanyoosha mkono kuelekea mashariki. Katikati ya matuta, mahali alipolala mumewe, palibaki duara la majani marefu, hayajaguswa. "Pale jembe haligeuzi udongo. Pale ni pa kufyeka tu. Mtapafyeka kwa mashine yenu."

Shemeji angeweza kusema, mama, haiwezekani. Nilimfinya ili aseme. Lakini watu walikuwa wanatazama, trekta lilikuwa limetoka mbali, na yeye alikuwa mwana wa nyumba ile.

"Nitapita kwenye mifereji kati ya matuta," alisema.

"Shemeji, tumbo liko chini."

"Nitapita polepole."

Alipita polepole. Alivuka mstari wa kwanza, akavuka wa pili, watu wakashangilia. Kwenye wa tatu gurudumu la mbele lilipanda tuta, trekta likainama upande mpaka nikaziba macho, kisha likakaa kwa tumbo juu ya tuta na magurudumu ya nyuma yakazunguka hewani, yakirusha udongo mweusi juu ya watu waliokuwa wanashangilia. Shemeji aliruka chini, amepauka. Trekta lile ambalo nilikuwa nimelipima kwa kidole, kwa kiganja, kwa pumzi zangu, lilikuwa limelala juu ya majani liliyoletwa kuyakata.

"Lete jembe tubomoe hili tuta," shemeji alisema.

"Nani abomoe?" mama mkwe alisema. "Tuta la mtu halibomolewi kabla ya msimu wake. Kesho tutalivuta lirudi lilikotoka."

Lakini kesho yake asubuhi, kabla hatujapata kamba, ilitokea kamati.

Hatukuitegemea, mvua zilikuwa hazijaisha sawasawa. Niliwaona wanakuja, mwenyekiti mbele, wajumbe nyuma. Shamba la mjane, na katikati yake trekta la kikundi limekwama kama mwizi aliyenaswa dirishani. Nilijua tutasemwa. Mama mkwe alikwenda kusimama mbele ya mstari wa kwanza wa matuta. Alikuwa anapumua kwa shida, lakini alisimama.

Mwenyekiti alizunguka shamba lote. Alirudi kwenye trekta, akalitazama.

"Nimeona mengi katika kazi hii," alisema. "Sijaona trekta lililoatamia. Haya matuta ya nani?"

"Yangu," mama mkwe alijibu. "Watu wamekunywa pombe yangu. Waulize."

"Hata wewe ulikunywa, mwenyekiti!" yule jirani mnene alipaza sauti kutoka kwenye mpaka. "Kata mbili!"

Wajumbe wakacheka, na mwenyekiti akakohoa. Lakini mjumbe mmoja, kijana aliyehamia karibuni, mwenye watoto wengi na asiye na shamba, hakucheka. Alinyoosha kidole kuelekea mashariki. Simlaumu. Yeye pia alikuwa anatafuta mahali pa kulisha watu wake.

"Pale bado pana majani," alisema. "Sehemu ile ni pori."

Kila tulichokifanya, barabara yote ile, maranda, kuku, pombe, kilikuwa kimefika kwenye duara lile dogo.

"Pale pana mtu," mama mkwe alisema.

Kijana alishusha kidole. Mwenyekiti alivua kofia yake, akaishika kifuani kwa muda, kisha akaivaa.

"Matuta ya mwaka huu ni ulezi wa mwakani," aliwaambia wenzake. "Hapa pana mwenyewe. Shamba hili haligawiwi. Twendeni mbele."

Kabla hawajaondoka, walisaidia kuvuta trekta. Walifunga kamba nyuma yake, wakalirudisha kwa njia ile ile lililoingilia, kijana yule akiwa wa mbele kabisa kwenye kamba. Baadaye mwaka ule mama mkwe alimpa kipande cha bonde alichokuwa hakitumii, lakini hiyo ni habari nyingine. Trekta la kijivu lilikwenda kufyeka uwanja wa shule, na lilifanya kazi hiyo vizuri kwa miaka mingi. Sikulijutia hata siku moja. Lilikuwa trekta jema kwa ardhi ambayo haikuwa ya mama mkwe.

Watu walipotawanyika nilichukua fyekeo, nikapita kwa mguu katikati ya matuta, nikafyeka majani yaliyozunguka kaburi kwa mkono. Hayakuwa mengi. Mama alikuja nyuma yangu, akayakusanya yote, asiache hata ukoka mmoja, akayapeleka kwenye lile tuta ambalo trekta lilikuwa limeliponda. Akalifungua, akayalaza ndani, akalifunika upya kwa mikono yake.

Basi wewe usife moyo. Trekta zuri utalipata, na sasa unajua kuweka kidole kwenye giaboksi na kiganja kwenye injini. Lakini kabla hujapanda lori kwenda kulitazama, vua viatu, pita shambani kwako kwa miguu kutoka mpaka hadi mpaka pamoja na yule anayelilima, na umwulize majani yale yana kazi gani.